Margariti za Afrika: Kuzipanda na Kuzitunza

Watoto, kabla ya kushika jembe leo, chumeni kwanza ua moja la alizeti. Lipasueni katikati kwa kisu, kisha mlitazame vizuri. Mwadhani mmeshika ua moja? Sivyo. Mmeshika maua mamia, yaliyokaa pamoja juu ya kitako kimoja kama watu wa kijiji kimoja. Yale ya pembeni, yenye ulimi mrefu wa rangi ya manjano, ni maua. Yale ya katikati, madogo sana, yaliyosongamana kama watu sokoni, nayo ni maua, na kila moja la katikati laweza kuzaa mbegu yake. Kwa hiyo kichwa kimoja cha alizeti chajaza kiganja chako mbegu, na zingine zabaki.

Mimea yote yenye vichwa vya namna hii ni ya ukoo mmoja. Ukoo huo ni mkubwa mno: wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 20,000 ulimwenguni. Saladi tunayokula ni ya ukoo huo. Kishona-nguo, lile gugu linalochomeka vijiti vyake vyeusi katika kaptula ya kila mtoto apitaye njia ya mkato, nalo ni la ukoo huo. Alizeti ya mwitu, ile yenye maua ya manjano imeayo kando ya barabara za Kivu, ambayo ilitoka zamani katika nchi ya Meksiko, ni ndugu yao. Na margariti za Afrika, ambazo tutazipanda mbele ya darasa, ni ndugu zao vilevile.

Jina margariti tumelipata kwa Wafaransa. Wao walilitoa katika Kigiriki cha kale, ambamo maana yake ni lulu. Wataalamu wa mimea wana majina yao mengine. Aina moja huiita Osteospermum, maana yake mbegu ya mfupa, kwa kuwa mbegu zake ni ngumu. Aina nyingine, jirani yake kabisa, huiita Dimorphotheca, maana yake matunda ya sura mbili. Sababu yake tutaiona tutakapofika kwenye mbegu. Wataalamu hao wamehamisha mimea mingine kutoka jina hili kwenda jina lile, kisha wengine wakairudisha. Basi mkiona jina moja juu ya pakiti ya mbegu na jina lingine kitabuni, huku picha ni ile ile, msishangae. Mmea haujui jina lake, nao waota tu.

Kwao ni wapi? Kwao ni Afrika ya Kusini. Huko, upande wa kaskazini-magharibi, karibu na bahari kubwa ya Atlantiki, kuna nchi kavu iitwayo Namaqualand. Mvua yake ni chache sana, nayo hunyesha katika miezi ya baridi. Kwa miezi mingi mtu apitaye huona mawe, mchanga na vichaka vidogo tu. Lakini mvua ikiwa imenyesha vizuri, mwezi wa nane na wa tisa nchi nzima hubadilika. Margariti za rangi ya machungwa, nyeupe na manjano hufunika ardhi kama mkeka, mahali pengine hata upeo wa macho. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuzitazama. Baada ya majuma machache jua huzidi, maua hukauka, mbegu huanguka mchangani, nazo hungoja mvua ya mwaka mwingine.

Yawekeni moyoni maneno hayo ya Namaqualand: jua kali, usiku wa baridi, maji machache, udongo wa mchanga. Mtu anayejua kwao kwa mmea ajua nusu ya kazi ya kuutunza.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Ni mfupi, aina nyingi hufika kimo cha sentimita 30 mpaka 60. Majani yake ni membamba kiasi, na mara nyingi pembeni yana meno madogo. Ua lina upana wa sentimita 5 mpaka 8. Ndimi zake ni nyeupe, waridi, zambarau, manjano au rangi ya machungwa. Katika aina moja ijulikanayo sana, ndimi ni nyeupe juu, lakini chini yake zina rangi ya samawati kidogo, na katikati ya ua pana rangi ya buluu nzito kama wino. Ukilitazama ua hilo saa nne ya asubuhi utasema ni jeupe. Ukilitazama saa kumi na mbili ya jioni utasema limebadilishwa na mtu.

Halikubadilishwa. Limefunga. Margariti hizi hufungua ndimi zake jua likiwaka, na kuzikunja jioni, tena hufunga hata mchana mawingu yakiwa mazito. Ndiyo maana watu wa Afrika ya Kusini huiita moja yao margariti ya mvua, kwa sababu hufunga mvua inapokaribia. Ua lililofungwa hulinda unga wake wa manjano, ule ambao nyuki huubeba miguuni, usilowe kwa umande wala mvua. Unga uliolowa hauzai mbegu.

Jambo hili sharti kila mwanafunzi alijue, maana limeua mimea mingi. Mtoto anapanda, anangoja wiki nyingi, hatimaye ua linafunguka asubuhi. Anakwenda darasani akiwa na furaha. Jioni anarudi na rafiki zake kuwaonyesha, na tazama, ua limejikunja kama mwavuli. Anafikiri mmea una kiu, naye anaumwagia ndoo nzima. Au anafikiri umekufa, naye anaung'oa. Kumbe ulikuwa umelala tu.

Mwaweza kulijaribu wenyewe. Siku ya jua, saa sita ya mchana, chagueni maua mawili yaliyo wazi kabisa. Moja lifunikeni kwa ndoo isiyopitisha mwanga, la pili liacheni. Mtazame baada ya saa moja, kisha baada ya saa mbili, na mwandike katika daftari mlichokiona, si mlichotaka kukiona.

Kwa sababu hiyo hiyo maua haya hayafai sana kukatwa na kuwekwa chomboni ndani ya nyumba. Wale wanaopamba altare wanajua: maua yanaingia kanisani yakiwa wazi na mazuri, na baada ya muda yamefunga katika giza la kanisa. Uzuri wake ni wa nje, juani.

Je, nchi yetu yazifaa? Kongo ni kubwa, na jibu si moja. Kule Bukavu, kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni ya baridi kidogo na usiku hauna joto kali; huko zaweza kustawi. Goma pia ni pa juu hivyo, na udongo wake umetokana na mlima wa moto Nyiragongo, ambao ulitapika moto mwaka 1977, 2002 na 2021. Mawe yale meusi yameleta msiba mkubwa kwa watu, lakini udongo wake hupitisha maji upesi, na mizizi ya margariti hupenda hivyo. Lubumbashi ina kiangazi kirefu chenye jua na usiku wa baridi katika mwezi wa sita na wa saba. Hiyo yafanana kidogo na kwao. Lakini Kisangani, katika msitu wa chini, mita 400 hivi tu juu ya bahari, joto halipoi usiku na mvua yaja kila mwezi. Huko mmea huota majani, huacha kutoa maua, kisha huoza. Mwanafunzi wa Kisangani afadhali apande maua mengine yanayoipenda nchi yake.

Wakati wa kusia hufuata mvua. Mnataka maua yafunguke kiangazi, wakati jua lipo. Aina zile za mwaka mmoja hutoa maua baada ya wiki nane mpaka kumi tangu kusiwa. Basi hesabuni kurudi nyuma. Bukavu kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwa hiyo siieni mwezi wa nne, miche ipate mvua za mwisho ingali midogo. Lubumbashi mvua huisha mwezi wa nne. Huko siieni mwezi wa tatu.

Chagueni mahali penye jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Chini ya mwembe hapafai, wala nyuma ya nyumba upande wa kivuli. Inueni tuta la sentimita 20 au 30 kuliko njia, maji ya mvua yapate kushuka pembeni. Kama bustani iko mlimani, kama zilivyo nyingi za Kivu, tuta lilale kukingama mteremko, lisishuke nao, la sivyo mvua moja kubwa itachukua udongo na mbegu pamoja na kuvipeleka ziwani. Changanyeni udongo makopo mawili, mchanga kopo moja, na mbolea iliyooza vizuri kopo moja. Msitumie samadi mbichi. Mahali ambapo samadi haipatikani, kateni matawi laini ya ile alizeti ya mwitu, myakatekate na kuyafukia wiki mbili kabla ya kupanda. Majani yake huoza upesi na kulisha udongo. Lakini msizidishe. Margariti iliyoshiba sana hunenepa majani na kusahau maua.

Mbegu zisieni kwanza katika sanduku au kopo pana lililotobolewa chini. Zitawanyeni, mzifunike kwa mchanga mwembamba, mnyunyize maji polepole, mziweke mahali penye mwanga lakini si penye jua la kuchoma. Baada ya siku kumi hivi zitachomoza. Kila mche ukipata majani manne, uhamisheni tutani wakati wa jioni, mkiuchukua pamoja na udongo wake. Kati ya mche na mche acheni sentimita 30. Watoto wengi hupanda karibu karibu wakitaka bustani ijae mara moja. Itajaa, lakini kwa majani marefu manyonge yanayonyang'anyana mwanga, na hewa haitapita katikati, na ukungu utaingia.

Mche ukifika sentimita 10, vunjeni ncha yake kwa kucha. Huonekana kama ukatili. Lakini mche uliovunjwa ncha huchipua matawi pembeni, na kila tawi litaleta maua yake.

Tuje sasa kwenye maji, ambako wengi hukosea.

Mizizi hupumua. Katika udongo mzuri mna matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na ndani ya matundu hayo mna hewa. Ukimwaga maji mengi kila siku, maji hukaa mahali pa hewa. Mizizi hukosa pumzi, ukungu huishambulia, nayo huoza na kuwa myeusi. Mzizi uliooza hauwezi tena kunywa. Sasa tazameni ajabu yake: mmea uliosimama ndani ya maji waanza kunyauka kama mmea wenye kiu! Mtoto mwenye huruma auona unanyauka, akimbia kisimani, auongezea maji. Kesho umenyauka zaidi, naye aongeza tena. Siku ya nne umekufa, naye alia kwamba kisima kiko mbali na hakuwahi. Kumbe ni yeye aliyeuua, kwa wema wake.

Kwa hiyo msiulize jicho peke yake, ulizeni kidole. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, mmea hautaki kitu. Nenda zako ukacheze. Ukikuta pakavu, mwagilia. Miche midogo yataka maji mara nyingi zaidi, maana mizizi yake bado mifupi. Mmea mkubwa wakati wa kiangazi hutosheka na maji mara moja au mbili kwa wiki, lakini yawe ya kutosha kushuka mpaka mizizi, si ya kulowesha ngozi ya udongo tu. Mwagilieni asubuhi, chini shinani. Majani yanayolala yamelowa hupata ukungu. Kiangazi, mama zenu na dada zenu wanapobeba ndoo kutoka mbali, mmea usiotaka maji mengi ni mgeni mwenye adabu. Maji ya kuoshea mboga, ya sombe au lengalenga, yamwagwe huko badala ya kutupwa njiani.

Maua yakikauka, yakateni pamoja na kikonyo chake mpaka kwenye jani la kwanza. Mmea ukiona mbegu zimekomaa hujiona umemaliza kazi. Ukiondolewa maua makavu, hujaribu tena, hutoa mengine, na hivyo wiki nyingi. Mwisho wa majira, aina zile zinazoishi miaka mingi zikatwe mpaka theluthi moja ya urefu wake zibaki nyuma, zitachipua upya.

Lakini hayo matawi mliyokata mnayapeleka wapi? Hapo tusimame kidogo.

Kijana mmoja wa darasa la tano alikuwa amemaliza kupunguza mimea ya mbele ya darasa. Alifunga fungu kubwa la matawi mabichi kwa kamba, akalitia kichwani, akashika njia ya kwenda nyumbani. Mwalimu akamwita.

"Unapeleka wapi majani hayo?"

"Nampelekea mbuzi wa mama, Mwalimu. Kiangazi nyasi zimekauka, naye ana njaa."

"Ni mbuzi mmoja tu mliyo naye?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ana mimba. Mama amesema mwana wake atauzwa, tununue daftari na nguo ya shule."

"Basi tua fungu lako hapa hapa, mwanangu. Ungefika nalo nyumbani, labda kesho msingekuwa na mbuzi wala mwana wake."

Mwalimu hakumtisha bure. Margariti nyingine za jamaa hii zina sumu. Huko Afrika ya Kusini wafugaji wamepoteza kondoo na mbuzi waliokula aina kadhaa za Dimorphotheca wakati wa njaa. Sumu hiyo yaitwa sianidi, nanyi mwaijua ingawa hamjui jina lake, kwa sababu ni ile ile iliyomo ndani ya muhogo mchungu.

Ndani ya jani sumu haijatengenezwa bado. Vitu viwili vimewekwa mbali mbali, kama kiberiti kwenye chumba kimoja na mafuta ya taa kwenye chumba kingine. Vikikaa hivyo hakuna hatari. Lakini mnyama akitafuna jani, kuta za vyumba huvunjika, vitu vile viwili hukutana, na sumu hutoka. Ikiingia mwilini kwa wingi, huzuia mwili usiweze kuitumia hewa uliyoivuta. Mnyama huhema kwa nguvu, huyumba, huanguka. Mara nyingi hufa kabla ya mtu kwenda kumwita mganga wa wanyama.

Mama zenu wanaijua sumu hii kuliko vitabu. Ndiyo sababu muhogo mchungu huloweshwa majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha huanikwa juani, ndipo hutwangwa. Maji na jua huiondoa sumu. Katika nchi yetu tumeona pia mambo yanayotokea watu wakiharakisha kazi hiyo. Mwaka 1938 daktari mmoja, jina lake Trolli, aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, upande wa kusini-magharibi ya Kongo, ambao miguu ya watu, hasa wanawake na watoto, ilikauka ghafla wasiweze tena kutembea vizuri. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Baadaye wataalamu walitambua kwamba huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha wiki nyingi mfululizo, bila nyama, samaki wala maharagwe ya kutosha. Ugonjwa huo hautokani na maua, na mtu hapati konzo kwa kupanda margariti. Lakini sumu ni ndugu moja, na mbuzi hana mama wa kumlowekea majani yake siku tatu.

Basi matawi yaliyokatwa yatupeni katika shimo la mbolea lenye uzio, mbuzi wasifike. Bustani yenyewe nayo iwe na uzio. Mbuzi mwenye njaa apewe nyasi au majani ya viazi vitamu. Wala mtoto asitie majani ya margariti mdomoni, wala asiyachemshe kama chai kwa sababu rafiki amemwambia ni dawa.

Yule kijana wa darasa la tano alilitupa fungu lake shimoni. Kisha, kwa kuwa hakupenda kurudi mikono mitupu, alipita shamba la jirani, akaomba majani ya viazi, akapewa.

Wadudu wa margariti ni wachache. Chawa wa mimea, wale wadogo wa kijani au weusi, hukaa kwenye ncha changa na kunyonya maji yake. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mmea, tazameni juu; mara nyingi wanawafuata chawa hao kwa ajili ya utamu wautoao. Chukueni maji litri moja, myeyushe kipande kidogo cha sabuni ya kufulia, mnyunyize jioni, asubuhi mwoshe kwa maji safi. Mkimwona mdudu mdogo mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, msimwue. Yeye hula chawa mchana kutwa bila mshahara. Konokono waokoteni kwa mkono asubuhi na mapema.

Kuna margariti nyingine ambayo yenyewe ndiyo dawa ya wadudu: pareto. Si ya Afrika kwa asili. Ilitoka pwani ya Dalmatia, huko Ulaya, lakini imefika katika milima yetu ya Kivu, na Rwanda, Kenya na Tanzania, ambako huvunwa katika sehemu za juu zenye baridi. Maua yake meupe hukaushwa na kusagwa, na dawa itokayo humo huua mbu na nzi. Kwa watu wengi wa milimani ua hilo dogo limekuwa fedha ya sokoni.

Na tusiisahau jerbera, margariti yenye ua kubwa na kikonyo kirefu kisicho na jani hata moja. Nayo ni ya Afrika ya Kusini. Mmoja wa jamaa yake, Gerbera jamesonii, alipewa jina la mtu aitwaye Jameson, aliyeukusanya karibu na mji wa dhahabu wa Barberton. Picha yake na maelezo yake yalichapwa Uingereza mwaka 1889. Leo jerbera huuzwa kwa wingi katika maduka ya maua ya Ulaya, na wengi wanaoinunua hawajui kama ni mtoto wa Afrika. Jerbera haifungi usiku, kwa hiyo hiyo ndiyo yafaa chomboni. Ukiipanda, moyo wake, pale majani yanapotokea, usifunikwe na udongo, maana utaoza. Na ua lake halikatwi kwa kisu. Shika kikonyo chini kabisa, ukizungushe kidogo, ukivute, kitatoka chote.

Tumalizie kwa mbegu. Mwisho wa majira acheni maua machache yakauke juu ya mmea. Katika Osteospermum, maua ya pembeni tu ndiyo huzaa. Yale ya katikati hutoa unga basi. Katika Dimorphotheca yote huzaa, lakini watoto hawafanani. Mbegu za katikati ni bapa, zina ukingo mwembamba kama karatasi, na upepo hupenda kuzichukua. Mbegu za pembeni ni kama vijiti vifupi vyenye mikunjo, huanguka karibu na mama yao. Hayo ndiyo matunda ya sura mbili tuliyoyataja mwanzoni. Zile bapa huota upesi mvua ikija. Zile za vijiti wengi wao hukawia. Mmea hufanya kama mkulima mwenye akili katika nchi ya mvua chache, ambaye hapandi mbegu zote siku ya mvua ya kwanza. Ikiwa mvua ile ni ya kudanganya, miche ya kwanza itakufa, lakini ghalani bado kuna akiba.

Kwa bustani yetu chagueni zile bapa. Zikaushwe kivulini siku chache, zitiwe katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki, na juu yake mwandike jina la ua, rangi yake na mwezi. Msishangae mbegu ya ua la zambarau ikizaa jeupe. Zile zinazouzwa dukani mara nyingi zimechanganywa damu. Mtu anayetaka rangi ile ile akate ncha ya tawi lisilo na ua, sentimita 7 mpaka 10, aondoe majani ya chini, achomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki tatu au nne, avute kidogo sana. Tawi likimkatalia, limekwisha kushika mizizi.

Maswali. Kwa nini alizeti si ua moja? Mmea umenyauka na udongo wake ni tope: utafanya nini? Andika vitu viwili vinavyokutana ndani ya jani mbuzi anapolitafuna, kwa mfano wa kiberiti na mafuta ya taa. Muulize mama yako nyumbani, muhogo mchungu huloweshwa siku ngapi katika kijiji chenu, na anajuaje kwamba uko tayari.